Singa Zisizochemshwa

Mimi ndiye niliyeacha kuzichemsha zile singa. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mji wetu wa Karrabyn wamelisimulia jambo hili kila mmoja kwa namna yake, na wengine mpaka leo wanamtaja wifi yangu Thirza. Thirza hakukosa lolote. Nilikosa mimi, Loveday Rodda, tena mchana kweupe na akili zangu timamu.

Tulikuwa na duka la magodoro kwenye barabara kuu, kati ya muuza mishumaa na fundi viatu. Kaka yangu Jabez, mumewe Thirza, alikuwa amekwenda Queensland kufuata dhahabu ambayo kwetu ilikuwa imeshakauka, na barua zake zilikuja zilipojisikia. Sisi wawili tulikula kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magodoro. Mtu alituletea godoro lake limebonyea katikati, tukalifumua, tukazitoa singa za farasi zilizokuwa ndani, tukazichemsha kwenye sufuria kubwa la shaba kule uani, tukazianika, tukazichambua kwa vidole mpaka zikafura, kisha tukazishindilia kwenye kitambaa kipya cha mardufu na kushona. Kushona kulikuwa kwa Thirza. Ukingo alioushona yeye hata ukiruka juu yake miaka kumi haulegei. Kazi yangu ilikuwa kununua, kuchemsha, na kubishana na wateja, maana yeye kubishana hakujua.

Mwaka ule mvua ilikata tangu Septemba. Kijito kikawa mchanga mtupu, na maji tukayanunua kwa ndoo kutoka kwenye gari la maji, ambako akina mama wa kanisani walitukanana foleni nzima. Mwishoni mwa Januari dalali mmoja, Bwana Silas Cutlack, aliyekuwa akiuza vyombo vya nyumba zinazovunjwa, alinipigia mluzi nikipita mbele ya banda lake. Alikuwa na robota la singa nyeusi, ndefu, zenye kung'aa.

"Njoo uone mali, mama," akasema. "Hizi zimetoka hoteli kubwa ya pwani, wanabadilisha vitanda vyote. Safi hizi. Ungeweza kuzilalia hivi hivi."

Nikazichukua. Thirza alizishika, akazivuta, akacheka kwa furaha. Singa nzuri kama zile tulikuwa hatujaziona muda mrefu. Kesho yake akaenda kwa Mama Nankivell kupima kitanda cha bibi harusi, akaniachia kazi ya kuchemsha.

Pipani mlikuwa na nusu ya maji. Ya kunywa, ya kupika, ya kumwogesha Keziah, binti yake wa miaka minne. Na gari la maji lisingerudi mpaka Alhamisi. Nilisimama pale uani jua likinipiga utosini, nikayatazama maji, nikazitazama singa. Nikazinusa. Zilikuwa na harufu ya dawa kali kidogo, nami nikasema moyoni, basi kumbe zimeshasafishwa huko huko. Nikazinyunyizia maji kwa kiganja, nikazitandaza juu ya uzio.

Thirza aliporudi alizikuta zimekauka.

"Zimechemka vizuri?"

"Zimechemka, wifi."

Siku mbili tulikaa tukizichambua, vumbi lake likituingia puani na kwenye nywele, tukiimba nyimbo za kanisani. Zilitoka magodoro matatu. Moja lilikwenda kwa Emblyn Nankivell, aliyekuwa anaolewa Jumamosi. Moja kwa Babu Hannibal Trestrail, mchimbaji mstaafu ambaye mavumbi ya mgodi yalikuwa yamemla mapafu. La tatu alilichukua Bwana Low Sing, Mchina aliyekuwa na bustani ya mboga kule bondeni. Mabaki Thirza akayashonea kigodoro cha Keziah, akamtandikia nyuma ya meza ya duka.

Jumatatu ya wiki iliyofuata akaja Oates, mwenye gari la mizigo linalokwenda bandarini na kurudi. Alikuja kuchukua mto wa kiti chake cha kuendeshea. Alisimama mlangoni akijifuta jasho, akatazama chini. Miguuni pake lilikuwa gunia la lile robota. Thirza alikuwa amelitandika la kupangusia viatu.

Oates akarudi nyuma hatua mbili, mpaka barabarani.

"Jamani. Gunia hili mmelitoa wapi?"

"Kwa Cutlack," nikamwambia. "Kwani lina nini?"

"Hiyo alama nyekundu. Duara lenye mkato." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hiyo waliipiga kwenye matandiko ya Fennimore, ile nyumba ya wageni bandarini. Mwezi wa Desemba wamekufa watu watano mle, kwa ndui. Niliona kwa macho yangu matandiko yakifungwa, yakapigwa rangi, akapewa mtu akayachome moto. Mama Rodda, haya yalikuwa ya kuchomwa!"

Thirza yeye alitulia. Alichoma shazia yake kwenye mto, akavuta pumzi.

"Tumshukuru Mungu basi," akasema. "Singa zote zinazoingia hapa tunazichemsha. Loveday alizichemsha mwenyewe. Sivyo, wifi?"

Oates akanitazama. Na mimi nikatikisa kichwa kukubali. Nimekaa miaka mingi nikikitafakari kichwa kile kilivyotikisika, kama kilikuwa cha mtu mwingine.

"Mmenitoa roho," akasema Oates. "Lakini lichomeni hilo gunia. Na huyo Cutlack, siku zake zinahesabika."

Alipoondoka nilimwambia Thirza naenda kumkaripia Cutlack. Kweli nilikuwa namkimbia Thirza mwenyewe. Nilimkuta dalali akipanga viti vya mnada, kalamu sikioni.

"Uliniambia hoteli," nikasema.

"Hoteli, nyumba ya wageni, tofauti ni nini? Kote watu wanalala."

"Watu watano wamekufa, Bwana Cutlack."

Aliacha viti. Akasogea karibu, akaongea taratibu kama mtu anayembembeleza farasi. "Sikiliza, mama. Nani anaumwa hapa mjini? Hakuna. Mimi nauza singa, nyie mnachemsha, kila mtengeneza magodoro duniani anachemsha. Sasa shida iko wapi? Ulichemsha, au hukuchemsha?"

Nikageuza macho kwenye viti. Aliniangalia usoni, na nikaona jinsi alivyoelewa.

"Ahaa," akasema. "Basi bibie, mimi na wewe tuko mtumbwi mmoja. Choma gunia, funga mdomo. Ukinitaja, nitakutaja."

Nilirudi nyumbani nikikimbia, nimeshika sketi kwa mikono yote miwili, watu wakinigeukia. Dukani Thirza alikuwa akikata mardufu. Nyuma ya meza Keziah alikuwa amelala usingizi wa mchana, shavu limezama kwenye kile kigodoro, mdomo wazi, udenda umelowesha kitambaa. Nilimnyakua.

"Unamwamshia nini mtoto?" Thirza akaniuliza.

"Sikuzichemsha."

"Nini?"

"Singa, Thirza. Sikuzichemsha. Nilizinyunyizia maji tu nikazianika. Nilikudanganya. Na leo tena nimekudanganya mbele ya Oates."

Keziah alikuwa ameanza kulia. Thirza alibaki na mkasi mkononi. Nilitamani anirushie.

"Ulikuwa unabana maji," akasema.

"Ndiyo."

Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwangu bila kunigusa. Akamvua nguo zote, akamtoa uani, akamwogesha kwa maji ya pipa, kata baada ya kata, kichwani, masikioni, katikati ya vidole, akimsugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawa nyekundu na mtoto akawa anapiga mayowe. Alimaliza pipa zima. Alipolipindua, tone la mwisho lilipotoka, akasema bila kunitazama, "Leta mkokoteni."

Tulimwacha Keziah kwenye kreti safi uani, amefungwa shuka, na mke wa fundi viatu akimwangalia kutoka upande wa pili wa uzio. Tukaenda kwanza bondeni. Low Sing alikuwa akimwagilia kabichi kwa maji ya kisima chake. Thirza hakuzunguka. "Godoro tulilokuuzia lina ndui. Tumekuja kulichukua. Usilishike."

Bwana Low Sing aliweka ndoo chini. "Wewe mwenyewe umelishika?"

"Nimelishona."

"Basi kaa mbali, mama, nitalitoa mimi. Mimi nilichanjwa nikiwa mdogo, kwetu ndui ilimaliza mtaa mzima." Akaingia kibandani, akatoka akiliburuta, akalimwagia mafuta ya taa, akalichoma pale pale kati ya matuta yake. Halafu akainama kidogo na kusema, "Asanteni kwa kuja kuniambia." Alitujazia ndoo mbili za maji ya mtoto. Siku ile nzima ni yeye peke yake aliyetushukuru.

Babu Hannibal tulimkuta amekaa kitandani, amejiegemeza, kifua kikipiga filimbi. Chumba chake kilikuwa kimoja, na kitanda ndicho kilichokuwa jambo lake kubwa duniani.

"Mnalitaka godoro?" akasema. "Nimekaa miaka mitatu nalala kwenye kiti kama jogoo juu ya uzio. Hili ndilo la kwanza kuninyanyua mgongo nikapata hewa. Siku nne nimelala kama mtoto. Halitoki."

"Babu, lina ndui," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamshika mabega. "Ndui? Hebu njoo dirishani, binti. Tazama uso huu. Unadhani mashimo haya ni ya panya? Ilinila nikiwa na miaka kumi na tisa kule kwetu Cornwall, ikaniacha. Haina tena cha kunitafuna."

"Wewe, sawa," akasema Thirza. "Na anayekuletea supu? Na watoto wake?"

Mzee akapapasa ukingo wa godoro.

"Nitalala kwenye nini?"

"Nitakuletea la kwangu. Ni la sufi, la zamani, nilikuja nalo nikiolewa. Nitakushonea mgongo wake juu zaidi."

"Sitaki godoro la ndoa yako, mwanangu."

"Nami sikuulizi kama unataka."

Tulimnyanyua tukamweka kwenye kiti, mwepesi kama kapu tupu. Wakati tunalitoa godoro mlangoni alikuwa akilitazama huku machozi yakimtiririka kwenye yale mashimo ya mashavu, wala hakujificha.

Kwa akina Nankivell ndiko kulikokuwa kugumu. Emblyn alikuwa na siku mbili tu tangu aolewe na kijana aitwaye Zacky, na walikuwa wanakaa kwa mama mtu. Mama Nankivell alitupokea mlangoni, mikono kiunoni, ndani kunanukia mkate wa zafarani.

"Godoro la harusi halirudi dukani," akasema. "Hata mkija na askari. Mmepata mteja wa bei nzuri zaidi, eh? Nawajua nyie akina Rodda."

"Mama, tafadhali, tuingie ndani tuongee," nikasema.

"Ongeeni hapa hapa. Majirani wasikie mnavyofanya biashara."

Na majirani walikuwa wameshatoka. Thirza aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu kule uani, nami nikajua anachotaka kufanya, nikashika mkono wake. Duka lile lilikuwa ndilo chakula chetu, ndilo jina letu. Akautoa mkono.

"Lina ndui!" akasema kwa sauti ya kufika mwisho wa barabara. "Singa zimetoka kwenye nyumba waliyofia watu. Mwanao analala juu ya ndui, Mama Nankivell. Sasa umesikia, na majirani wamesikia."

Milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Mwanamke mmoja alivuta watoto wake kwa nywele. Aliyetoka ni Emblyn, nywele hazijafungwa, akamsogeza mama yake kando kwa bega, akasema, "Zacky, shika upande wa pili." Wakalitoa wenyewe mpaka kwenye mkokoteni wetu.

Tuliyachoma kwenye kifusi cha mgodi wa zamani, pamoja na kigodoro cha Keziah na lile gunia. Singa zikiungua hunuka vibaya. Moshi wake ulitambaa ukaingia mjini, na hakukuwa na mtu aliyehitaji kuuliza ni wa nini.

Daktari Lorimer alikuwa na vichupa vitatu tu vya chanjo. Vingine vingetoka Melbourne, na vingechukua siku nane. Mimi nilikuwa na alama yangu ya chanjo mkononi tangu utoto. Thirza hakuwa nayo, baba yake hakuamini mambo hayo.

"Waliolala juu yake bila kinga ni watatu," akasema Thirza. "Emblyn, mumewe, na mwanangu."

"Na wewe uliyekaa siku mbili ukivuta vumbi lake?" nikamwuliza. "Daktari, mwambie."

Daktari alikuna ndevu. "Kwake yeye siku tisa zimeshapita. Huenda imeshachelewa. Kwao huenda bado." Akamchanja Keziah kwanza, akiwa amelala mapajani mwa mama yake.

Alhamisi asubuhi Thirza alishindwa kuinuka. Mgongo, akasema, kama umevunjwa. Mchana akawa anawaka moto. Polisi wakasimamisha hema nje ya mji, ng'ambo ya vifusi, wakamwekea kitanda cha kamba, na mimi nikaenda naye kwa kuwa ndiye niliyekuwa na alama ya chanjo. Emblyn na Zacky walifungiwa nyumbani kwao kungoja, na Emblyn akasema mtoto aletwe akae nao. Mama yake alipinga. Emblyn akamwambia ahame yeye.

Jumamosi nilirudi mjini kuchukua mashuka. Njia panda, mbele ya banda la Cutlack, nikakuta umati. Wanaume hamsini hivi, na akina mama, na madebe ya mafuta ya taa. Cutlack alikuwa amepanda juu ya meza yake ya mnada.

"Jiulizeni wenyewe," alikuwa anasema. "Singa zangu ni safi, na wanawake wale wamezichemsha, Oates ni shahidi, waliapa mbele yake. Sasa ndui imetoka wapi? Nani ana kibanda kichafu bondeni? Nani alikimbilia kuchoma godoro lake kabla ya watu wote, kama si mtu anayeficha kitu?"

"Mchina!" mtu akapiga kelele, na wengine wakadaka. Walikuwa wameshaanza kuteremka.

Ningeweza kupita na mashuka yangu. Nasema ukweli, niliipiga hatua moja ya kupita. Kisha nikajiona napanda kwenye hori la farasi, nimeshika nguzo.

"Hazikuchemshwa!" nikapiga kelele. "Sikilizeni! Hazikuchemshwa. Mimi ndiye niliyepaswa kuzichemsha. Nilibana maji nikasema uongo. Nilimwongopea Thirza, nikamwongopea Oates. Singa ametuuzia huyu hapa, zimetoka kwa Fennimore bandarini. Low Sing hahusiki. Low Sing ametupa maji!"

Oates akasukuma watu akaja mbele, uso umemwiva.

"Ulinitikisia kichwa, Loveday."

"Nilikutikisia."

"Nimerudi nyumbani nikambeba mjukuu wangu!"

"Najua."

Mama Nankivell ndiye aliyenitemea mate. Baada ya hapo sikuona vizuri ni nani aliyefanya nini. Jiwe lilinipata begani, nikaanguka horini. Bondeni hawakwenda. Walikwenda dukani kwetu. Walivunja madirisha, wakatoa kila kitu barabarani, majora ya mardufu, magunia ya sufi, mito ya watu, meza ya kukatia, wakamwaga mafuta waliyokuwa nayo, wakavitia moto. Sufuria la shaba halikuungua, waliliviringisha wakalitoboa, likabaki uani na tundu. Cutlack katika vurugu ile alipotea na gari lake, na askari waliomtafuta baadaye hawakumpata.

Nilirudi hemani bila mashuka. Kwenye sanduku kando ya kitanda alikuwa amekaa Babu Hannibal. Alikuwa amekuja kwa miguu, maili nzima kwa pumzi zile, akipumzika kila baada ya hatua ishirini.

"Nimemwambia wifi yako kwamba mimi nilikuwa mzuri sana wa sura," akasema. "Haamini."

"Awaulize wa Cornwall," nikamjibu.

"Walioniona wote wamekufa. Ndio uzuri wake."

Midomo ya Thirza ilisogea kama anayetaka kucheka. Vipele vilikuwa vimeanza kumtoka kwenye paji la uso. Nilimweleza yaliyotokea, kwa kuwa angesikia tu. Alisikiliza macho yamefumbwa.

"Shazia zangu?"

"Zimekwenda na meza."

Akageukia ukuta wa turubai.

Siku zilizofuata sitazieleza zote. Vipele vilishikana mpaka uso ukawa ngozi moja iliyovimba, macho yakafunga. Joto la hema lilikuwa la tanuri. Tulilowesha matambara kwa maji ambayo Low Sing aliyaacha kila asubuhi kwenye mwamba, tukayatandaza mwilini mwake. Kilichoniua mimi ni kwamba hakukubali kunywa kutoka mkononi mwangu. Nikisogeza kikombe aliuliza, "Nani huyo?" Nikisema, "Loveday," alifunga mdomo. Akisema Babu, "Ni mimi, binti," alikunywa. Nilijifunza kumpa Babu kikombe na kutoka nje. Nilikaa kwenye kokoto nikisikia akimeza.

Siku ya nane Babu alizidiwa na kifua, akawa amelala sakafuni hawezi kuinuka. Thirza aliomba maji. Nikasogeza kikombe.

"Nani huyo?"

"Ni Loveday, wifi. Hakuna mwingine. Babu hajiwezi."

Kisha akafungua mdomo. Alikunywa kikombe chote, akaomba kingine, akanywa hicho pia. Sikumwuliza kitu, wala hakusema kitu. Huenda ilikuwa kiu tu. Nimeligeuza hili kila upande na bado sijui.

Alikufa siku ya kumi na moja, asubuhi, jua halijawa kali. Walimzika pale pale karibu na hema, kwa chokaa, na mchungaji akasoma akiwa mbali, ameshika leso puani. Zacky aliugua, akapona na alama chache. Emblyn hakuguswa. Keziah alitoa pele moja tu kubwa pale alipochanjwa mkononi, akawa anawaonyesha watu kwa majivuno. Babu Hannibal alirudi kwenye godoro la sufi, akaishi mpaka majira ya baridi.

Jabez alifika Aprili, mvua ikiwa imeshaanza. Alikuwa amekonda, ndevu mpaka kifuani. Barabarani alikuwa ameshasimuliwa hadithi tatu tofauti. Nilimkalisha kwenye ngazi ya uani, kwa kuwa ndani hakukuwa na kiti, nikamwambia yangu, yote, tangu mluzi wa Cutlack.

Alisikiliza. Kisha akaniuliza, "Ingechukua ndoo ngapi?"

"Kuchemsha? Nne."

"Nne," akasema. Akatazama pipa lililokuwa limejaa mpaka linamwagika. "Nne, Loveday."

Hakunipiga, hakunitukana. Alilia akiwa amesimama, kichwa ameegemeza kwenye pipa, na nilipomwendea alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, kunizuia nisifike. Nikasimama pale pale nilipokuwa.

Alimpeleka Keziah kwa bibi yake mzaa mama, kule Geelong. Gari la abiria liliondoka saa mbili asubuhi. Emblyn alikuwa amemfungia pai mbili za nyama na viazi kwenye kitambaa, na mtoto alizikumbatia kama mwanasesere.

"Shangazi, wewe hupandi?" akaniuliza kutoka dirishani.

"Sipandi, mama."

"Utakuja kesho?"

Jabez alikuwa akitazama upande wa pili, kwenye farasi. Nilimwambia Keziah akae vizuri asije akaanguka. Dereva akapiga mjeledi.

Niliporudi dukani, fundi wa matandiko ya farasi aliyepangishwa chumba kile cha duka alikuwa anangoja mlangoni, ngozi zake begani, amelowa mvua. Alikuwa mgeni mjini, hakunijua. Akaniuliza kama paa linavuja. Nikamwambia upande wa nyuma, kidogo, nikampa ufunguo.